Umejiandikisha kwa mbio? Pima presha kabla ya kununua viatu

BARUA imezungushwa ofisini mwenu. Kampuni itashiriki mbio za hisani, na kila mfanyakazi anahimizwa kujiandikisha kwa kitengo cha kilomita tano. Mkubwa wenu ametia sahihi wa kwanza, kwa hivyo hakuna wa kukataa. Fulana umeshapewa. Shida ni kwamba mara ya mwisho wewe kukimbia ulikuwa shule ya upili, ukiondoa ile siku uliyofukuza matatu ikiondoka stendi na ukafika mlangoni huwezi hata kumwambia makanga unakoshuka.

Wagonjwa wa aina hii huongezeka katika kliniki yangu kuanzia Agosti, kwa maana mbio kubwa za Nairobi, zilizoanza mwaka wa 2003, aghalabu hufanyika Oktoba. Karibu wote huja wakiwa wamechelewa, goti limevimba au mfupa wa mguu unauma hata wakiwa wamelala. Nia yangu leo, msomaji, ni kwamba uje mapema, au usiwe na haja ya kuja kabisa.

Kwanza tuondoe imani moja. Wakenya tumezoea kusema kwamba mbio ziko katika damu yetu. Mnamo Desemba 31, 2024 Beatrice Chebet alikimbia kilomita tano barabarani mjini Barcelona kwa dakika 13 na sekunde 54, akawa mwanamke wa kwanza kumaliza umbali huo chini ya dakika 14. Sote tulishangilia kana kwamba miguu ile ni yetu. Lakini kilichomfikisha pale ni miaka mingi ya mazoezi ya kila siku, si kitambulisho cha taifa. Karani aliyekaa kitini miaka 15 ana uraia mmoja na Chebet, basi. Kilomita tano zake za kwanza zitamchukua dakika 40 au 45, na hakuna aibu yoyote hapo.

PRESHA HAIUMI

Kabla ya kuulizia bei ya viatu, pimwa shinikizo la damu. Sisemi hivi kwa kuwa ni desturi ya madaktari kusema hivi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ugonjwa huu hauna kelele. Unaweza kukaa nao miaka kumi ukila, ukicheka na kwenda kazini, huku mishipa ya moyo, ubongo na figo ikiharibika kidogo kidogo.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa miaka 47, alikuja kwangu akitaka barua ya kumwondoa katika mbio za hisani za shule yao kwa sababu ya goti. Goti halikuwa na kasoro ya maana. Nilipomfunga mkanda mkononi, kipimo kilisoma 188 kwa 112. Nilimwacha akae kimya robo saa, nikapima tena, na tofauti ilikuwa ndogo. Hakuwa akiumwa na kichwa, hakuwa na kizunguzungu, na alikataa katakata kuwa ni mgonjwa. Barua nilimwandikia, ila haikuwa ya goti. Alianza vidonge, akatembea kwa miguu jioni kwa miezi miwili, ndipo nikamruhusu kuanza kukimbia. Mwaka uliofuata alimaliza mbio zile zile kwa dakika 49. Bila kisingizio cha goti asingalikuja, na angalisimama kwenye mstari wa kuanzia akiwa na presha ile.

Unapokwenda kupimwa, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono umelazwa mezani. Usizungumze. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, mwone daktari. Jambo hilo halikuzuii kukimbia. Mazoezi ya mwendo wa wastani ni sehemu ya matibabu. Ukifika 180 kwa 110, usikimbie hata hatua moja mpaka ishushwe.

Wengine wanaopaswa kuzungumza na daktari kwanza ni waliopita miaka 40 na hawajafanya mazoezi kwa muda mrefu, wavutaji sigara, wajawazito, walioambiwa utotoni kwamba vali ya moyo ina kasoro, wenye selimundu, na yeyote ambaye ndugu au mzazi wake alifariki ghafla akiwa na umri mdogo. Mwenye pumu anaweza kukimbia vizuri, mradi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Mwenye kisukari pia, lakini kama anadunga insulini au anameza glibenklamidi abebe peremende au glukosi, kwa kuwa sukari inaweza kushuka njiani, na akague nyayo zake kila jioni.

Kuna dalili ambazo nakuomba usibishane nazo. Kifua kikibana au kulemewa unapopanda ngazi na kuachilia ukipumzika. Maumivu yakielekea taya, shingo au mkono wa kushoto. Ukizimia au kutaka kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi. Moyo ukirukaruka bila mpango. Watu wetu huita haya yote gesi au vidonda vya tumbo, wakanunua dawa ya maji ya kupoza tumbo dukani. Gesi haiji kila unapopanda ngazi na kuondoka kila unaposimama. Hiyo ni dalili ya moyo mpaka kipimo kiseme vingine.

UKIWEZA KUONGEA, MWENDO NI SAWA

Kosa la wanaoanza ni moja, nalo ni kasi. Mtu hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anawaona vijana wakipita, anawafuata. Baada ya mita 400 ameshika kiuno. Anarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba kukimbia si kwake.

Kipimo cha kasi hakihitaji saa ya bei ghali. Unapokimbia, taja kwa sauti vituo vya matatu kutoka kwenu hadi mjini. Anayetoka Buruburu aseme: Mutindwa, Hamza, City Stadium, Muthurwa. Ukiweza kuvitaja vyote kwa mfululizo, mwendo wako ni sawa. Ukihema kila baada ya kituo kimoja, punguza. Ukihitaji kutembea ili uweze kuongea, tembea. Wiki za kwanza utajiona unakimbia polepole kiasi kwamba mama aliyebeba kikapu cha sukuma wiki anakupita. Mwache apite. Waliosema mwenda pole hajikwai walijua.

Sababu ya ukaidi wangu juu ya jambo hili ni kwamba mwili hauzoei kazi mpya kwa wakati mmoja. Moyo na damu huzoea haraka. Ndani ya wiki mbili au tatu maji ya damu huongezeka, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kile kilima cha karibu na kwenu unakiona kimekuwa kifupi. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa, huhitaji miezi. Mifupa nayo ina tabia ya kushangaza. Ikipewa mzigo mpya haiongezi nguvu papo hapo. Mwili hubomoa kwanza sehemu zilizochakaa ndipo ujenge upya, kama fundi anayevunja ukuta mbovu kabla ya kupanga mawe mapya. Kwa hivyo kati ya wiki ya tatu na ya tano mifupa yako huenda ikawa dhaifu kidogo kuliko siku uliyoanza, na huo ndio wakati pumzi imekuja, umefurahi, na unataka kuongeza mwendo maradufu.

Sasa piga hesabu. Kila mguu unapotua, unapokea uzito wa mwili wako mara mbili hadi tatu. Mtu wa kilo 80 anatua na kilo 160 au zaidi kwa kila hatua, na kilomita tano kwa mwendo wa polepole ni zaidi ya hatua elfu sita. Mifupa iliyo katikati ya matengenezo ikipewa hesabu hiyo kila siku bila kupumzika hupata ufa mwembamba, ambao mara nyingi hauonekani hata kwenye picha ya eksirei ya mwanzo.

WIKI KUMI

Kimbia siku tatu kwa wiki na usifuatanishe siku mbili. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zinawafaa wengi. Wanaosali Jumamosi wachukue Jumapili. Kila mara anza kwa kutembea haraka dakika tano, na umalize kwa kutembea dakika tano.

Wiki ya kwanza na ya pili, kimbia dakika moja kisha utembee dakika mbili, na urudie mara nane. Ni kidogo, najua. Wiki ya tatu, kimbia dakika mbili na kutembea mbili, mara sita. Wiki ya nne usiongeze chochote. Fanya kama ya tatu lakini mara nne tu, kwa sababu ya ile habari ya fundi na ukuta. Wiki ya tano kimbia dakika tatu, tembea mbili, mara tano. Ya sita, dakika tano kwa mbili, mara nne. Ya saba, dakika nane kwa mbili, mara tatu. Ya nane, dakika 12 kwa mbili, mara mbili. Ya tisa, dakika 15, tembea moja, kisha 15 tena. Wiki ya kumi ni ya mbio zenyewe: Jumanne dakika 20 za raha, Alhamisi kumi tu, basi.

Ukikosa wiki moja kwa sababu ya homa, msiba au kazi, rudi nyuma wiki moja. Usijaribu kulipa deni. Na ukiwa na homa, iwe ni malaria au mafua yaliyoshuka kifuani, usikimbie kabisa hadi siku chache baada ya homa kuisha, kwani baadhi ya virusi hushambulia msuli wa moyo na mazoezi huzidisha madhara.

Utaona kwamba mpango huu haukufikishi kilomita tano kabla ya siku ya mbio. Hakuna haja. Siku hiyo utakimbia sehemu kubwa na kutembea dakika moja hapa na pale.

Mahali pa kukimbilia ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Udongo ulioshikana au nyasi fupi ni bora kuliko saruji. Jijini Nairobi wenye nafasi huenda Msitu wa Karura au Arboretum, ambako kuna kiingilio. Uwanja wa shule ya jirani pia unafaa mkiomba ruhusa. Usikimbie kandokando ya Jogoo Road au Thika Road wakati magari yamesongamana, kwani utavuta moshi mwingi kwa kila pumzi. Ikibidi kutumia barabara, kimbia ukitazamana na magari yanayokuja. Akina mama, msitoke peke yenu kabla ya mapambazuko. Tafuteni wawili watatu wa mtaani. Mbwa akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba mbwa wake ni mpole.

Walio Mombasa na Lamu wana adui mwingine. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili haupoi. Kimbieni alfajiri na mwendo uwe wa chini zaidi. Nairobi iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, kwa hivyo anayetoka Pwani kuja kushiriki mbio huku asishangae pumzi ikimwishia mapema.

VIATU VYA MITUMBA

Sina ugomvi na mitumba. Kiatu cha kukimbilia kilichotumika kidogo, kilichopatikana Gikomba au Toi, ni bora kuliko kipya cha dukani kilichoshonwa kwa ajili ya kupendeza. Ila lazima ujue kukikagua, na hapa wengi hudanganywa na rangi.

Kiweke juu ya meza iliyo sawa na ukitazame kwa nyuma. Kikiinamia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake na kiatu kimeukariri, kitakupinda goti. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ikiwa na mikunjo mingi pembeni, imekufa, hata kama juu panang'aa. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Shika kisigino kwa nyuma, kiwe imara. Geuza uangalie chini kama mpira umelika hadi sponji inaonekana. Kivae ukiwa na soksi utakazokimbilia, na uende sokoni alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Wanaopuuza hili hupoteza kucha, na huniletea kucha nyeusi wakidhani ni sumu.

Zile raba za turubai tulizovaa shuleni ziache kwa kutembelea. Na kiatu kipya usikivae kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

MAUMIVU YA KUVUMILIA NA YASIYOVUMILIKA

Baada ya siku za kwanza mapaja na ndama za miguu zitauma, hasa siku ya pili. Hayo ni maumivu ya misuli inayojengeka. Huuma pande zote mbili, hupungua ukitembea, na huisha kwa siku tatu hivi.

Ya hatari nina kipimo chake, na ningependa ukikate na kukibandika mahali. Weka kidole kimoja pale panapouma. Kama kidole hicho kinatosha kufunika maumivu, na chini yake kuna mfupa, na pamezidi kuuma kadiri unavyokimbia, acha mara moja. Ukiuma usiku umelala, njoo hospitali. Mahali penyewe huwa ni muundi, yaani mfupa wa mbele wa mguu, au mifupa ya juu ya wayo. Maumivu yaliyotapakaa kandokando ya muundi ni mepesi zaidi, na kwa kawaida hutulia ukipunguza mazoezi kwa wiki mbili na kubadilisha viatu.

Usimeze diklofenaki au aibuprofeni ili uweze kukimbia. Dawa hizi huuzwa kama njugu, lakini hupunguza damu inayofika kwenye figo, hukwangua tumbo, hupandisha presha, na kibaya zaidi huzima kengele iliyokuwa ikikuonya.

Neno moja kwa wanaofunga karatasi ya plastiki tumboni au kuvaa sweta mbili ili kuyeyusha kitambi. Jasho ni maji na chumvi. Glasi mbili za maji zinarudisha uzito wote uliodhani umepungua. Unachopata ni hatari ya mwili kupata joto kupita kiasi. Mtu wa kilo 80 akimaliza kilomita tano huwa ametumia takriban kalori 400, na chapati mbili zinaweza kuzirudisha zote. Kitambi kitapungua, lakini jikoni kuna kazi pia.

SIKU YENYEWE

Usiku kula ulichozoea. Githeri na kabichi ziahirishe mpaka jioni ya baada ya mbio, kwa sababu unazozijua. Asubuhi, saa mbili kabla, kunywa chai au uji na vipande viwili vya mkate au ndizi. Glasi moja ya maji inatosha. Kilomita tano hazihitaji vinywaji vya kuongeza nguvu, na wanaokunywa maji chupa baada ya chupa huishia kutafuta choo.

Fika mapema, kwani foleni ya choo ni ndefu. Jipake mafuta ya mgando kwapani na katikati ya mapaja. Andika nyuma ya namba yako jina la ndugu wa kupigiwa simu na ugonjwa ulio nao, kama upo. Simama nyuma kabisa. Kengele ikilia watoto na vijana watachomoka kama swara. Usiwafuate, utawakuta wamekaa kando ya barabara kabla ya kilomita ya pili. Kilomita ya kwanza iwe ya polepole kuliko zote. Kifua kikibana au ukianza kuona giza, simama na uinue mkono, wahudumu wa huduma ya kwanza wapo kwa kazi hiyo. Ukivuka mstari, usikae chini ghafla. Endelea kutembea dakika kumi, kwa sababu damu imejaa miguuni na ukisimama ghafla unaweza kuanguka mbele ya kamera ya bosi.

Kisha kuna jambo ambalo hutokea wiki chache baadaye. Mtu wa presha anapima, anakuta 126 kwa 80, anafurahi na kutupa vidonge. Kipimo hicho kimeletwa na mbio na vidonge kwa pamoja, na ukiacha kimoja kwa ghafla presha inaweza kupanda tena bila kukuarifu. Beba vipimo vyako vya wiki mbili, vilivyoandikwa kwa tarehe, umpelekee daktari wako. Kama dawa inaweza kupunguzwa ataipunguza yeye, kidogo kidogo, na atakupa siku ya kurudi kupimwa.